Je, Wajua? Kilo ya Korosho na Ndoo ya Maji ya Newala

Je, wajua kwamba wazee wa Kimakonde waliuacha mto kwa makusudi? Masimulizi yao ya asili, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, yanamtaja mtu wa porini aliyechonga kinyago cha mwanamke, kikapata uhai, akamwoa. Watoto waliozaliwa mabondeni wakafa. Aliyezaliwa juu mlimani akaishi. Basi ukabaki wosia kwa kizazi chote: kaeni juu, msijenge kando ya maji makubwa. Mwenye kuyajua mabonde ya Ruvuma kwa mbu wake, mafuriko yake na misafara ya watumwa ya enzi hizo hatauona wosia huo kuwa wa kipuuzi. Ila ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ni maji.

Je, wajua kwamba mvua si haba Newala, mji ulio juu ya uwanda wa Makonde? Inanyesha vizuri tu. Tatizo ni udongo wa uwanda ule, mchanga unaopitisha maji kama chekeche, hivyo mvua inazama moja kwa moja na kwenda kutokea chini kabisa kwenye chemchemi za pembezoni. Juu hakuna mto wala kijito. Simama Shimo la Mungu pale Newala, utazame bonde la Ruvuma lilivyolala mbali chini yako, kisha umfikirie mama mwenye ndoo kichwani anayepaswa kuteremka na kupanda tena. Vizazi kwa vizazi vya wanawake vimeishi hivyo. Mwanaethnolojia wa Kijerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906, na tangu enzi hizo ni vigumu kuandika juu ya mji huo bila kugusa maji.

Jirani yake, Masasi, haiko juu ya uwanda. Iko magharibi, chini, miguuni mwa milima yake ya mawe, na inakunywa maji ya chanzo cha Mbwinji yanayosambazwa na MANAWASA, mamlaka inayohudumia pia Nachingwea.

Je, wajua kwamba wana-Newala walikuwa wakilipia maji ya bomba kabla ya Uhuru? Miaka ya 1950 liliundwa shirika la maji la Makonde, Makonde Water Corporation, ili kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi vijijini juu. Mwananchi alifika bombani na senti zake, akajaziwa debe. Baada ya Uhuru serikali iliamua maji ya vijijini yatolewe bure. Nia ilikuwa njema kabisa, ila mashine ya kupandisha maji mlimani haiendi kwa nia njema: inataka dizeli, inataka vipuri, inataka fundi anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wafini walimwaga fedha nyingi katika maji ya Mtwara na Lindi. Visima vikachimbwa, pampu zikafungwa. Wafadhili walipopunguza mkono, nyingi ya pampu hizo zikanyamaza.

Fundisho hilo liliingia katika Sera ya Maji ya mwaka 2002 na katika Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019: mtumiaji achangie, na mradi uwe na chombo chake cha watumia maji kilichochaguliwa na wananchi wenyewe, chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Hapa nasema waziwazi kwamba kumtaka mtu maskini alipie maji si jambo jepesi, na anayelisema kirahisi hajawahi kununua ndoo Newala mwezi wa Oktoba. Lakini bomba lenye mhasibu kijijini linadumu kuliko bomba lenye mfadhili Ulaya.

Je, wajua kwamba mradi mkubwa wa maji wa Makonde wa miaka hii unajengwa kwa fedha za India? Ni mmoja wa miradi ya miji 28 inayogharimiwa na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mikataba ya ujenzi ilisainiwa Dodoma Juni 2022, na fungu la Makonde, linalogusa Newala, Tandahimba na Nanyamba, ni zaidi ya shilingi bilioni 84. Huo ni mkopo, si sadaka. Utalipwa na Watanzania wote, akiwamo yule mama wa ndoo.

Je, wajua kwamba mkorosho ni mgeni? Wareno ndio walioutoa Brazil na kuuleta pwani ya Msumbiji katika karne ya 16, nao ukavuka Ruvuma ukakuta mchanga unaoupenda. Mchanga uleule unaowanyima watu maji ndio unaoustawisha mkorosho. Leo kusini, ukitaka kujua shule ilijengwa kwa nini, zahanati kwa nini, bati la nyumba lilitoka wapi, jibu ni korosho.

Je, wajua kwamba zao hili liliwahi kuanguka karibu lipotee? Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali porini, bei ikawa duni, ushirika ukavunjwa na serikali mwaka 1976, kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, ndio waliohangaika na salfa na miche bora hadi mikorosho ikasimama tena. Wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Na wakati uleule zao linaporomoka, viwanda vilikuwa vikijengwa! Kwa mikopo ya nje, ya Benki ya Dunia na Japani, taifa lilipata viwanda 12 vya kubangua, viwili vikiwa Newala na kimoja Masasi, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Korosho za kuvilisha hazikuwapo. Vingi vilifungwa, vingine vikageuka maghala. Waliopanga waliangalia mashine, hawakumuuliza mkulima kama bado analima.

Je, wajua kwamba kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inahitaji takriban kilo nne hadi tano za korosho ghafi? Sehemu kubwa ya ghafi yetu husafirishwa kwenda India na Vietnam, ikabanguliwe huko, na kazi ya mikono hiyo inakwenda nayo. Ndiyo maana habari ya TANECU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Tandahimba na Newala, kujijengea kiwanda chake cha kubangua Newala si habari ndogo. Safari hii mwenye kiwanda ni mwenye shamba.

Tuingie sasa ghalani, maana hapa ndipo fedha za maendeleo zinapozaliwa. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anafagia chini ya mikorosho, anaokota, anatenganisha bibo na korosho, anaanika, anapeleka kwa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha kijiji. Pale kuna mizani, karani na daftari. Gunia linapandishwa, mshale unatulia, uzito unatajwa kwa sauti, mkulima anapewa risiti yake. Macho yote huwa kwenye mshale ule, kwa sababu nusu kilo ikipotea kwenye kila gunia, mwisho wa msimu ni karo ya mtoto. Kutoka hapo mzigo unakwenda ghala kuu la chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Kisha mnada.

Mnada wa zamani ulikuwa wa kuonwa kwa macho. Wakulima walikaa chini ya miti, sanduku la zabuni likafunguliwa mbele yao, barua zikasomwa moja moja: mnunuzi fulani, tani kadhaa, bei hii. Bei ikiwa nzuri, vigelegele. Ikiwa mbovu, watu walikataa kwa mdomo mmoja na mzigo ukabaki ghalani. Msimu wa 2024/25 minada ilihamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na ile ya kwanza, Oktoba 2024, ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu huo taifa lilipata zaidi ya tani 500,000, kiasi ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa.

Je, wajua majaliwa ni nini kwa mkulima wa korosho? Miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, alipata malipo ya kwanza yaliyotokana na mkopo wa benki, malipo ya pili mzigo ukishauzwa, na kilichobaki baada ya makato yote, kama kilibaki, kikaitwa majaliwa. Mwaka 2013 malipo ya pili yalipokwama, Liwale, mkoani Lindi, nyumba zilichomwa moto. Sitetei kuchoma nyumba. Nasema tu kwamba mkulima aliyekwisha kukabidhi mavuno yake yote ghalani ameweka rehani mwaka mzima wa familia yake, na kumcheleweshea jibu ni kumchokoza.

Pembeni ya mfumo kuna kangomba: mfanyabiashara anayemfuata mkulima nyumbani miezi ya njaa, kabla ya mavuno, ananunua kwa bakuli na kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria. Lakini mwenye mgonjwa hospitali mwezi wa Julai hawezi kusubiri mnada wa Oktoba, na sheria haitaiondoa kangomba kijijini kabla mkopo mdogo wa haki haujafika.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 jeshi liliwahi kubeba korosho? Oktoba mwaka huo wakulima waligoma kuuza kwa bei walizotajiwa mnadani. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya JWTZ yakaingia maghalani. Bei ilikuwa nzuri. Kulipwa ndiko kulikokuwa na kazi: aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alihakikiwa shamba lake kwanza, na wengi walisubiri muda mrefu.

Mwaka huohuo, miezi michache kabla, lilitokea jambo ambalo kwangu ni zito kuliko la malori. Korosho ghafi ikitoka nchini hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao: salfa, miche, utafiti, ubanguaji. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ikazipeleka fedha zote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni Juni ile wakapinga kwa nguvu, wakashindwa kwa kura. Serikali baadaye ilirudi kugharimia pembejeo, na tangu msimu wa 2021/22 wakulima wamekuwa wakipewa salfa na viuatilifu vya ruzuku. Ni jambo jema sana. Hata hivyo kupewa na kuwa nacho ni vitu viwili: ruzuku hupangwa upya kila bajeti, mfuko wako unaupanga mwenyewe.

Je, wajua kwamba wenyeji wa pwani ya magharibi ya Kanada walilitatua jambo kama hili kwa njia yao? Mwaka 2007 ulianzishwa huko British Columbia mfuko uitwao Coast Funds, wa dola milioni 120 za Kanada, kwa ajili ya jamii za asili zinazoishi katika msitu mkubwa wa Great Bear. Nusu ilitoka kwa wahisani, nusu serikalini. Nusu ya kwanza haitumiwi: imewekezwa, na faida yake ndiyo inayolipia ulinzi wa msitu mwaka hadi mwaka. Nusu ya pili ilikuwa ya miradi ya uchumi inayopangwa na jamii zenyewe. Mikorosho nayo ni msitu wetu, na kila tani inayopita bandari ya Mtwara ingeweza kuacha kitu katika akiba ya namna hiyo. Mwaka wa bei mbaya hauzuiliki, lakini akiba ingekuwapo.

Karibu zaidi na nyumbani, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, kwa misitu yao ya mpingo, mti uleule wa wachonga vinyago wa Kimakonde. Kijiji kinauza mti wake kwa bei yake, na fedha zinaingia akaunti ya kijiji.

Je, wajua jinsi ya kuifuata shilingi ya korosho hadi mlangoni kwa halmashauri? Chukua tani moja kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo. Ni shilingi milioni 3. Ushuru wa mazao kwa zao la biashara ni asilimia 3 tangu mwaka 2017, ulikuwa 5, na kisheria humwangukia mnunuzi. Basi halmashauri ya Newala au Masasi inapata shilingi 90,000. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hesabu ya mkato, tani ile imezaa 3,600 za wanawake, 3,600 za vijana na 1,800 za wenye ulemavu. Zidisha kwa tani zote za wilaya yako uone. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kugundulika vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chenye katiba, akaunti na shughuli inayoonekana kiombe. Ni haki yake.

Je, wajua kwamba VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, asili yake ni Niger? Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini huko, mfumo ukaingia Zanzibar, kisha bara. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na halifunguliwi ila wote wakiwapo. Hisa zinahesabiwa juu ya mkeka kila mtu anaona. Benki nyingi hazimjui mama mbanguaji wa Newala kwa jina, lakini sanduku lile linamjua, na linajua pia mwezi gani mwanawe aliugua.

Wafini, waliotajwa kwa pampu, walijifunza nao. Mpango wao wa RIPS uliofanya kazi Mtwara na Lindi kuanzia 1988 hadi 2005 ulikuja kubadilika: wanakijiji wakaketi chini, wakachora ramani ya kijiji chao mchangani kwa vijiti na punje za mahindi, wakaonyesha wenyewe njia inayokatika masika na kisima kinachokauka. Baadaye programu yao nyingine, LIMAS, 2010 hadi 2015, ikachagua wilaya mbili, Newala na Liwale, kwa kilimo biashara.

Je, wajua kwamba daktari wa Lulindi, Masasi, aliwahi kuwa Waziri wa Afya? Leader Stirling alifika mwaka 1935 kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambayo kituo chake cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani Zanzibar. Hospitali yake ya mwanzo ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na mikono iliyoijenga ilikuwa ya wenyeji. Misheni ilileta dawa, wanakijiji wakaleta jengo.

Je, wajua kwamba reli iliwahi kufika Masasi? Ilijengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi wa Waingereza ulioshindwa vibaya, na mwaka 1962 ikafungwa. Njia nyingine imedumu: Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi, lina urefu wa mita 720. Marais Nyerere na Machel waliliwaza mwaka 1975, likafunguliwa Mei 2010, na fedha zake zilikuwa za Tanzania na Msumbiji wenyewe. Barabara ya lami kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa miaka mingi dereva wa lori la korosho alizisubiri mvua zikate ndipo apite.

Je, wajua, mwisho, kwamba sheria iko upande wako? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. AMCOS yako ina wajibu wa kuitisha mkutano mkuu wa mwaka, hesabu zake zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na hata kiwango cha juu cha deni ambacho chama kinaweza kukopa kinapitishwa na wanachama, si na bodi. Wengi tunakwenda mnadani, wachache tunakwenda mkutanoni. Msimu huu nenda. Kaa mbele, na risiti zako mkononi. Uliza kilichokatwa kwenye kila kilo ni kiasi gani, kimeingia akaunti ipi, na nani aliyeidhinisha kitumike. Majibu yasiposomwa mbele ya wanachama, usinyooshe mkono kuzipitisha hesabu hizo.